Shayiri ya Erembourc

Mwanamke mwenyewe ndiye aliyekuwa akiiharibu kesi yake.

"Ulipokamatwa, mwanao alikuwa hai?" Oudart alimwuliza tena.

"Alikuwa amekufa."

"Una hakika?"

"Mwalimu, mimi ndiye mama yake."

Oudart alimtazama. Erembourc alikuwa ameketi kwenye nyasi kavu, mgongo ukutani, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Alikuwa mjane, bado kijana, lakini njaa ilikuwa imemzeesha uso. Hakulia. Tangu alipofungiwa chini ya mnara wa lango la abasia, hakuna aliyemwona akilia.

"Unajua jibu hilo linakupeleka wapi?"

"Njia panda," alisema. Njia panda ndipo mti wa kunyongea uliposimama.

"Na bado unalisema?"

"Umeuliza, nimejibu. Nimeiba. Waambie nimeiba, twende zetu."

Oudart wa Ponchel alikuwa mpelelezi wa mahakama ya askofu. Kabla ya hapo alisomesha Paris, na watu wa Montaigre walimwita Mwalimu kwa heshima au kwa kejeli, kutegemea wamekula nini siku hiyo. Mwaka ule wengi hawakuwa wamekula kitu. Mvua ilikuwa imeozesha mavuno shambani, na kilichovunwa kiliingia ghalani kikiwa kibichi. Mlinzi wa abasia alikuwa amemkamata Erembourc siku chache nyuma, asubuhi kweupe, kwenye dirisha la ghala, shayiri imejaa kwenye aproni yake. Abasia ilikuwa na haki ya kunyonga wezi wake. Abati angehukumu siku hiyo aliyofika Oudart, baada ya sala ya mchana.

Kilichomfanya Abati asite ni swali moja, na ndilo lililomleta Oudart. Wanazuoni walikuwa wamekubaliana kwamba ipo sheria ya maumbile, ambayo Mungu aliiandika katika akili ya binadamu kabla mfalme yeyote hajaandika ya kwake. Sheria hiyo inasema vitu vya dunia viliumbwa ili watu waishi. Changu na chako vilikuja baadaye, vikaletwa na binadamu kwa ajili ya utaratibu. Basi mtu anayekufa kwa njaa, asiye na njia nyingine, akichukua mkate wa mwenziwe kujiokoa au kumwokoa mwanawe, hajaiba. Amechukua chake.

Lakini haja lazima iwe ipo wakati ule ule. Mtoto wa Erembourc, Garnot, alikuwa amekufa kwa njaa. Kama alikuwa hai mama yake alipoingia ghalani, mama angeenda nyumbani. Kama alikuwa amekwisha kufa, angenyongwa.

* * *

Bruda Gobert, mtunza ghala, alimpokea mlangoni na funguo zake kiunoni. Alikuwa mtawa mnene zamani. Sasa ngozi ya shavu ilimning'inia.

"Karibu, Mwalimu. Umekuja kutufundisha kwamba kila kitu ni cha wote? Niambie mapema nikafiche divai."

"Wakati wa haja ya mwisho tu, Bruda. Divai yako iko salama."

"Ahsante. Maana kuna mhubiri mmoja mwenye miguu michafu alipita sokoni hapa, akawaambia watu mwenye njaa haibi. Tangu siku hiyo silali." Alifungua mlango. "Ona mwenyewe. Hii unayoiona ni mbegu. Nikiigawa leo, mwakani hakuna wa kula, si mjane, si mtawa. Haya, sheria yako ya maumbile inasemaje kuhusu mwakani?"

Oudart alimheshimu Gobert kwa kuuliza. Kulinuka ukungu. Shayiri ilikuwa imelundikwa kwenye sakafu ya mbao, na watumishi wawili walikuwa wakiigeuza kwa majembe ya mti isichipue.

"Aliwahi kuja kuomba?" aliuliza.

Gobert alizichezea funguo. "Alikuja."

"Lini?"

"Siku chache kabla. Nikamwambia aje Jumapili na wenziwe, apange foleni."

"Alikuja na mtoto?"

"Alikuwa amembeba mgongoni."

"Mtoto alikuwa na hali gani?"

"Sikumtazama mtoto," alisema Gobert. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Ukianza kuwatazama watoto, Mwalimu, huwezi kazi hii."

Gobert aliendelea, safari hii kwa ukali, kama mtu aliyejikera mwenyewe.

"Lakini mtoto alikufa jana yake. Mtumishi wetu alipita pale jioni, akamwona yule mama akimwaga maji nje, mtungi baada ya mtungi. Nani humwaga maji yote ya nyumba jioni, kama hakuna maiti ndani?"

Hilo Oudart hakuhitaji kuelezwa. Kote kule, roho ikitoka, wenye nyumba humwaga maji yote na kufudikiza vyombo, roho isije ikaoga humo na kuchelewa safari yake.

"Mtumishi wako ana hakika ilikuwa jioni?"

"Anakula kwangu," alisema Gobert. "Lakini si mwongo."

* * *

Majirani walikuwa wameshapanga maneno yao. Wa kwanza alisema Garnot alikuwa hai asubuhi ile, akicheza. Mwingine alisema alikuwa hai, ila hawezi kuinuka. Hersent, mfuma sufu wa nyumba ya pili, alisema alikuwa hai na alimsalimia.

"Alikusalimiaje?"

"Alisema, shikamoo bibi."

"Mtoto asiyeweza kuinuka."

"Mdomo haukuwa umelala, Mwalimu." Hersent alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho makali, na alisimama katikati ya mlango wake kama kizibo. "Andika hivyo. Mtoto alikuwa hai, mama alikwenda kumtafutia chakula, mama aachiwe. Kuna gumu gani hapo? Au Paris mlifundishwa kukataa la kheri?"

"Nani alimwosha maiti?"

"Mimi. Nilisikia mama yake amekamatwa, nikakimbilia kule, nikamkuta… nikamkuta ndiyo kwanza anakata roho. Basi nikamwosha."

"Kwa maji gani?"

"Maji ni maji. Niliyabeba kutoka hapa kwangu."

"Kwa nini kutoka kwako?"

Mikono ya Hersent iliacha kusokota uzi.

"Kwa sababu vyombo vya kule vilikuwa vimefudikizwa," alisema Oudart taratibu. "Vyote vikavu. Aliyevifudikiza ni mama yake, na mama yake hakurudi tena nyumbani baada ya kukamatwa. Kwa hiyo mtoto alikuwa amekufa kabla mama hajatoka. Sivyo, bibi?"

"Mungu akulaani," alisema Hersent.

"Sivyo?"

"Ndivyo! Alikuwa baridi kama jiwe. Haya, umefurahi? Kamba mmeshaipaka mafuta?"

Oudart hakufurahi. Alikuwa amekuja kutafuta ukweli na ukweli ulikuwa umempa kamba ya kumnyongea mjane. Aliketi kwenye kizingiti bila kukaribishwa, akavua kofia.

"Bibi Hersent, sikia. Kuna jambo haliniingii akilini. Mtu haendi kuiba chakula cha kumlisha maiti."

"Labda alikuwa na njaa yake mwenyewe. Binadamu huyo pia."

"Mkate wa sadaka wa langoni pa abasia alipewa mwishowe?"

"Alipewa, lakini mtoto amekwisha kufa."

"Aliula?"

Hersent aliingia ndani, akasogeza rundo la sufu, akatoka na sufuria ndogo iliyofunikwa kitambaa. Akaiweka miguuni pa Oudart kama mtu anayemkabidhi mwingine nyoka.

"Mkate niliukuta mezani, mzima. Na hii niliikuta jikoni kwake nikaificha. Nilijua mkiiona mtasema ameiba mara mbili, mtamnyonga mara mbili."

Ndani kulikuwa na uji wa shayiri uliokauka, na kijiko cha mti.

"Mtoto alikula," alisema Oudart.

"Alikula na kushiba. Ulikuwa mdomoni, kidevuni, mpaka shingoni. Nilipomwosha, tumbo lilikuwa gumu kama ngoma." Sauti ya Hersent ilipasuka. "Mtoto aliyekaa na njaa namna ile humpi bakuli, Mwalimu. Unampa kijiko, unangoja. Unampa kijiko, unangoja. Lakini akilia 'mama, niongeze', utamnyima wewe? Mimi nisingeweza."

Oudart aliitazama sufuria. Machozi yalimlenga, akayaacha. Kisha akasimama ghafla.

"Shayiri ya uji huu ilitoka wapi?"

"Ghalani. Wapi pengine kuna shayiri?"

"Basi alikwishaingia mara ya kwanza, mtoto akiwa hai. Na alikwishatoka salama." Alivaa kofia yake. "Ya pili alifuata nini?"

* * *

Wiart, mlinzi, alikuwa kijana mwenye fahari ya kukamata mtu. Oudart alimpeleka nyuma ya ghala, chini ya dirisha.

"Ulimkuta vipi?"

"Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Amekaa juu ya kizingiti kama amepanda farasi. Nikamwambia, shuka mwizi wewe, akashuka. Hakubisha hata kidogo."

"Ulisimama wapi?"

"Hapa hapa uani."

"Ukaona nini kwanza, uso au mgongo?"

Wiart alikunja uso. "Mgongo. Na unyayo wa nje, mchafu."

"Mtu akitoka dirishani kwa haraka, ameiba, anaogopa kuonwa, atakutolea mgongo?"

"Labda alitoka kinyumenyume."

"Labda. Aproni je? Aliishikaje?"

"Kwa meno. Ameikunja pembe zote, kaing'ata." Wiart alianza kupoteza fahari yake. "Mwalimu, kwani unataka kusema nini?"

Oudart hakusema. Alimwomba Bruda Gobert mfuko wa ushahidi, ule waliotia shayiri iliyokutwa kwa Erembourc. Alichota kidogo, akachota pia kutoka kwenye lundo la ghala. Punje moja ya lundo aliitia mdomoni. Ilitafunika kama unga uliolowa. Punje ya mfuko ilivunjika kati ya meno kwa mlio.

"Tafuna, Bruda."

"Nimefunga."

"Tafuna, uteme."

Gobert alitafuna hii, akatafuna ile. Alisita. Akatia mkono mfukoni, akatoa punje nyingine, akaipeleka kwenye mwanga. Vidole vyake vilikuwa vimebaki na jivu.

"Hii imekaangwa," alisema.

"Imeanikwa juu ya jiwe la jiko. Shayiri yako mwaka huu haitwangiki mpaka ikaushwe kwanza, na ghalani kwako hakuna moto."

"Hakuna. Hairuhusiwi."

"Basi hii ilikwishafika nyumbani kwake. Ikakaushwa, ikatwangwa kidogo, ikapikwa uji. Iliyobaki ndiyo hii." Oudart aliufunga mfuko. "Hakuwa anatoka, Bruda. Alikuwa anaingia. Alikuwa anairudisha."

Gobert aliketi juu ya ngazi ya ghala. Alipokuja kusema, hakukuwa na mzaha tena.

"Mtoto amelala maiti nyumbani, na yeye anapanda dirisha kunirudishia shayiri."

"Ndiyo."

"Lakini amekiri wizi. Abati hawezi kumwachia mtu aliyekiri. Hata ukimletea shayiri ya dunia nzima, ungamo la mtu juu ya nafsi yake linashinda. Wewe unajua kuliko mimi."

"Najua," alisema Oudart. "Ndiyo maana narudi kwake."

* * *

"Ulikuwa unairudisha," alimwambia Erembourc.

Mwanamke aliinua uso. Kwa mara ya kwanza alimtazama mtu badala ya ukuta.

"Nani amekwambia?"

"Shayiri. Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeuliza. Wote mliuliza kama alikuwa hai."

Oudart aliona haya. Ni kweli. Walikuwa wamelishika swali la chuoni mpaka wakasahau lingine lolote, yeye wa kwanza.

"Kwa nini uliirudisha?"

"Mhubiri alisema sokoni, kilichochukuliwa kwa haja ni chako maadamu haja ipo. Nilimsikia kwa masikio yangu. Haja ilikwisha jioni." Alisema hivyo kama anayeeleza bei ya chumvi. "Ningekaaje nayo? Ile si yangu, na yeye hayupo. Tena nilikuwa siwezi kuitazama."

"Basi mwambie Abati hivyo. Sema tu ulikuwa unaingia."

"Sitaki."

"Watakunyonga."

"Si ndicho ninachosema tangu asubuhi? Nyinyi wasomi hamsikii?"

Oudart alichuchumaa mbele yake. "Erembourc. Sheria ya kwanza kabisa, kabla ya zote, ni kwamba kila kilicho hai kinatafuta kuishi. Mungu ameiweka ndani yako. Ukijisingizia ili ufe, unajiua kwa mkono wa Abati."

"Imewekwa ndani yangu?" Alijipiga kifua kwa ngumi. "Mbona siioni? Itafute mwenyewe. Mwanamke huyu unayemwona alikuwa na mtoto. Sasa hana. Hakuna kitu humu."

Oudart aliketi kabisa kwenye nyasi.

"Nikwambie wizi wangu," aliendelea. "Nilimpa bakuli zima. Alicheka, Mwalimu. Alikuwa hajacheka siku nyingi. Akasema, mama, niongeze. Nikaongeza. Kisha tumbo likamshika, akalia mpaka sauti ikakatika, akanifia hapa, hapa mkononi. Sasa niambie wewe uliyesoma. Kama shayiri ile ilikuwa yake kweli, kwa sheria ya Mungu, ingemuua? Chakula chako mwenyewe kinaweza kukuua? Mungu amenihukumu. Ilikuwa ya wizi, ndiyo maana."

Hapo ndipo Oudart alipouona msiba wote. Erembourc hakuwa anaficha kitu. Alikuwa amejihukumu mwenyewe kwa namna ambayo watu wa zamani walihukumu kwa chuma cha moto: mkono ukiungua, una hatia.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Njaa ndiyo iliyomuua. Uji ulimkuta tumbo limekwisha haribika. Ungemfikia mapema, angekuwa anacheza nje sasa hivi."

"Na nani aliyechelewesha? Si mimi?"

"Si wewe. Wewe uliomba mlangoni ukiwa na mtoto mgongoni, ukaambiwa Jumapili." Alimshika mkono, jambo ambalo mpelelezi wa askofu hapaswi kufanya. "Nisikilize vizuri, maana hili nalijua, ndilo nililolisomea maisha yangu yote. Siku ile, saa ile, shayiri ile haikuwa ya Gobert. Haikuwa ya Abati. Ilikuwa ya Garnot. Ukienda pale juu ukasema umeiba, utakuwa umesema kwamba mwanao, mara ya mwisho alipocheka, alikuwa akila cha wizi. Na si kweli. Mwanao hakula cha mtu. Alikula chake, akashiba."

Erembourc alimkazia macho.

"Chake?"

"Chake."

"Unaniapia? Si maneno ya kunitoa humu tu?"

"Nakuapia kwa roho yangu."

Aliinama mbele mpaka paji la uso likagusa magoti, na kutoka ndani ya mwili ule mkavu kikatoka kilio ambacho Wiart alikisikia mlangoni, akasogea mbali. Oudart alikaa naye mpaka kengele ya sala ikagonga.

* * *

Abati alikuwa mzee, amechoka, na hakupenda kazi ile. Alisikiliza habari ya mgongo dirishani. Alizitafuna punje mwenyewe. Kisha akamgeukia mshitakiwa.

"Binti, umeungama kwamba umeiba. Mwalimu hapa anasema sivyo. Mimi nitakusikiliza wewe. Mlinzi alipokukuta, ulikuwa unatoka au unaingia?"

Hersent, nyuma kabisa ukumbini, alikuwa ameuma kitambaa chake.

Erembourc alimtazama Oudart, kisha Gobert, ambaye macho yake yalikuwa sakafuni.

"Nilikuwa naingia, Baba."

"Na ile ya kwanza, uliyompikia mtoto?"

"Ile ilikuwa yake."

Abati alifumba macho kidogo. "Ilikuwa yake," alisema. "Mfungueni."

Watu walitoka wakishangilia, wakimpigapiga mgongoni, na Gobert alimfuata mpaka uani akiwa na mkate, akamnyooshea. Erembourc aliupokea, maana mkono uliotolewa haukataliwi, akampa mtu aliyekuwa karibu. Hakuuliza ni nani.

"Nipelekeni mlikomlaza," alisema.

Walikuwa wamemzika Garnot mama yake akiwa kifungoni. Hersent alimwongoza kupita kanisa, kwenye kona ya makaburi ya watoto, ambako mwaka ule palikuwa na vichuguu vingi vipya. Oudart aliwafuata kwa mbali. Mvua ilikuwa imeanza tena.

"Ni hiki," alisema Hersent.

Erembourc alisimama. "Mlimlazaje?"

"Chali, mama. Uso mashariki, kama wote."

"Halali chali," alisema Erembourc. "Analala kiubavu. Amekunja magoti."

"Hatukujua."

"Hamkujua, ndiyo. Nisingekuwa kule ningewaambia."

Alipiga magoti kwenye tope. Maji yalikuwa yameanza kuchimba udongo upande wa miguuni, akauzuia kwa viganja, akaugandamiza, ukaporomoka tena. Hersent alipiga magoti kando yake akaanza kugandamiza upande wa pili. Oudart alivua joho lake la mahakama, akalitandaza juu ya kichuguu, lakini lilikuwa zito na baada ya muda mfupi likawa limelowa kama kila kitu kingine.

"Halitafaa," alisema Erembourc. Alipangusa uso kwa mkono wa tope. "Lichukue, Mwalimu, utapata homa. Kesho nitaleta mawe."

Hersent alimshika bega na kulishikilia.

"Kesho?" aliuliza.

"Kesho asubuhi. Ya mtoni yale, bapa. Utanisaidia kubeba?"

"Nitakusaidia," alisema Hersent.

Oudart aliliokota joho lake, akawaacha.